Frezezi Mpya au ya Zamani? Namna ya Kuipima Kabla Hujatoa Pesa

Mashine ya kwanza niliyonunua kwa pesa yangu mwenyewe ilikuwa na rangi ya kijani inayong'aa. Niliikuta kwenye yadi moja hapa Lubumbashi, nikazungusha magurudumu ya mkono, meza ikaenda laini, nikalipa siku hiyohiyo. Wiki ya pili nikakata mfereji wa klaveti, kile kipande cha chuma kinachofunga gurudumu kwenye shafti, kwenye shafti ya pampu. Mfereji ulianza vizuri, ukapinda katikati, na klaveti ikakataa kuingia. Mzee aliyenifundisha kazi alikuja kuangalia. Hakuuliza ni ya kampuni gani wala ya mwaka gani. Alisimamisha saa ya kupimia ubavuni mwa meza, akasukuma ncha ya meza kwa kiganja, na sindano ikatembea. "Mwanangu," akaniambia, "umenunua rangi."

Tangu siku hiyo nimeshapima mashine nyingi kabla ya kununua, zangu na za wenzangu wa komini za Kenya, Katuba na Kampemba hapa mjini. Swali wanaloniuliza ni lilelile: tununue mpya iliyotoka China, au ya zamani iliyotoka kwenye karakana za mgodi na reli? Jibu langu ni kwamba umri haukati chuma wala haukuzuii kukata. Mashine ya miaka 50 inaweza kuwa nzima, na ya mwaka huu inaweza kuwa haifai. Kinachoamua ni mambo matatu unayoweza kuyakagua kwa mikono yako: njia za kutelezea zimelika kiasi gani, koni ya spindeli, ule mhimili unaozungusha kikataji, ni ya aina gani, na vipuri vyake utavipata wapi.

Neno moja kuhusu majina. Frezezi, mashine inayokata chuma kwa kikataji kinachozunguka, ndilo jina la atelye zetu, yaani karakana, tumelitoa kwenye Kifaransa. Dar es Salaam na Nairobi utasikia mashine ya milingi. Kikataji chenyewe nitakiita frezi.

Anza na kazi, mashine ifuate

Chukua daftari uandike kazi zilizoingia kwako miezi mitatu iliyopita. Kwa atelye nyingi za hapa orodha itafanana: mifereji ya klaveti, nyuso za kusawazisha kwenye vifuniko vya pampu, matundu yanayotakiwa kuwa mahali pake hasa, na pinyo, yaani gia, za mashine za kusaga mahindi, za mikanda ya kubebea mawe na za mashine za ujenzi. Pinyo ndizo zinazogawa njia.

Kazi ikiwa ni klaveti, matundu na vipande vidogo, mashine ya kichwa cha wima kinachoinama inatosha. Mashine za umbo hilo nyingi duniani ni watoto wa Bridgeport, iliyoanza kuuzwa mwaka 1938 katika mji wa Bridgeport, Marekani. Kichwa chake huinama kushoto na kulia, mkono wake wa juu husogea mbele na nyuma, na fundi mmoja huiendesha bila kuchoka. Frezezi za China zinazoitwa X6325 zimefuata umbo hilohilo.

Kazi ikiwa ni pinyo, hasa zenye meno ya mshazari, tafuta frezezi ya universali: spindeli imelala, na meza huzunguka hadi digrii 45 kila upande. Ukifunga diviza, kifaa cha kugawa mzunguko sawasawa, mezani na kuiunganisha na skrubu ya meza kwa gia, kipande kinazunguka huku meza inatembea, na jino linatoka limepinda kama linavyotakiwa. Diviza nyingi zina uwiano wa 40 kwa 1. Kwa pinyo ya meno 27 unagawa 40 kwa 27: mzunguko mmoja kamili na matundu 13 kwenye duara la matundu 27. Hesabu hii haijabadilika tangu enzi za babu zetu, na ndiyo maana universali ya zamani bado inaleta chakula mezani.

Kisha hesabu kasi. Chukua kasi ya kukata kwa mita kwa dakika, zidisha kwa 1000, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo cha frezi. Frezi ya HSS (chuma cha kasi) ya milimita 20 kwenye chuma laini, kwa mita 25 kwa dakika, inataka mizunguko 400 hivi. Frezi ya kabidi, ile ngumu zaidi, ya milimita 10, kwa mita 100, inataka karibu 3,200. Hapo ndipo universali nzito na ya kichwa cha wima zinapoachana. Universali nyingi nzito huishia mizunguko 1,500 au chini ya hapo, kwa hiyo frezi ndogo ya kabidi utaiendesha polepole na kuiumiza. Mashine za kichwa cha wima, mpya au ya zamani, mara nyingi hupanda kupita 2,500, na zenye kasi ya kubadilika bila hatua hufika karibu 4,000.

Nguvu ni upande wa pili wa hesabu. Kwa chuma laini, kilowati moja huondoa takriban sentimita za ujazo 20 kwa dakika. Tuseme una bamba la milimita 300 kwa 400 na unataka kuondoa milimita moja juu yake: hizo ni sentimita za ujazo 120. Mashine ya kilowati 1.1 itachukua kama dakika sita ikikaza meno. Universali ya kilowati 5.5 itamaliza kwa dakika moja na kidogo. Mara moja kwa mwezi tofauti hiyo si kitu. Kila siku, ni mshahara wa mtu.

Za zamani zilizoko hapa, na kwa nini bado zinasimama

Katanga ilijaa karakana kwa sababu ya shaba. Union Minière, kampuni ya migodi, ilianzishwa mwaka 1906, reli ikaingia Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1910, na kila kilichovunjika kilipaswa kutengenezwa hapahapa, maana meli kutoka Ulaya ilichukua wiki nyingi. Baadaye Gécamines ya migodi na SNCC ya reli zikarithi karakana hizo. Kwa hiyo frezezi za zamani utakazokutana nazo huku ni za Ulaya zaidi: za Ufaransa kama Huron, Dufour na Gambin, za Ujerumani kama Deckel na Heckert, mara nyingine TOS za Czechoslovakia.

Uzuri wao uko kwenye uzito na kwenye mikono iliyozitengeneza. Fonti nzito, yaani chuma cha kumimina, hunyonya mtetemo, frezi haipigi kelele, na uso unatoka laini. Njia zao zilikwanguliwa kwa mkono mpaka zikagusana kwa nukta nyingi zilizotawanyika, na vibonde vidogo kati ya nukta hizo hushika mafuta. Fonti yenyewe imeshatulia. Ilipotaka kupinda ilipinda zamani na ikasahihishwa.

Udhaifu wao ni nyaraka na vipuri. Kiwanda kimefungwa au kimebadilisha jina, na gia ya ndani ikivunjika itabidi uitengeneze mwenyewe. Kwa atelye yenye turu (mashine ya kuchonga vipande vya duara) na diviza hilo si janga. Kwa atelye isiyo na mashine nyingine yoyote, ni janga.

Koni ya spindeli: uliza hili kabla ya bei

Nimeona mtu akinunua mashine nzuri kwa bei nzuri, kisha akakaa miezi minne bila kukata, kwa sababu hakupata kishikio kinachoingia kwenye spindeli.

Koni ya R8 ni ya familia ya Bridgeport. Pensi zake, zile zinazobana frezi, ni za bei nafuu na zinapatikana kwa wingi. Lakini angalia fimbo ya kuvutia iliyo juu ya kichwa: R8 ya asili ina nyuzi za inchi 7/16, nyuzi 20 kwa inchi, na baadhi ya mashine mpya huja na pensi za M12. Ukilazimisha moja ndani ya nyingine unaharibu zote mbili.

ISO 40 na ISO 50 ni koni za mashine za kati na nzito. Hizi ndizo ninazozipenda, kwa sababu vishikio vyake bado vinatengenezwa kila mahali. ISO 40 ya Ulaya huvutwa kwa M16; ya Kimarekani kwa nyuzi za inchi 5/8. Ukikuta Deckel ndogo ya zamani yenye koni ya Morse 4, jua kwamba nyuzi zake ni za aina ya pekee, S20 kwa milimita 2, na si kila kishikio cha Morse 4 kitakaa. Mashine yenyewe ni tamu kama asali. Inunue tu ikiwa inakuja na vishikio vyake.

Chukua kishikio kimoja unachokifahamu uende nacho. Kipake rangi ya bluu ya kupimia, kiingize, kizungushe kidogo, kitoe. Rangi ikiwa imegusa kuanzia mdomoni mpaka ndani, koni ni nzima. Ikiwa imegusa pete moja tu, koni imelika, na kuisaga upya ni kazi ya watu wachache.

Umeme wa hapa

Mtandao wetu ni volti 220 na 380, hezi 50. Soma kibao cha mota kabla ya lolote. Mota ya Ulaya iliyoandikwa 220/380 unaiunga kwa nyota kwenye 380. Mashine ya Kimarekani iliyoandikwa volti 460, hezi 60 huwatisha watu bure: hezi zikishuka kutoka 60 hadi 50, volti zinazohitajika hushuka kwa kiwango hichohicho, na 460 inakuwa karibu 383. Hiyo mota inafanya kazi kwenye 380 yetu, ila inazunguka kwa tano ya sita ya kasi yake. Iliyoandikwa 230 peke yake, hezi 60, usiiunge moja kwa moja kwenye 380, itaungua.

Usipokuwa na fazi tatu, variateri, kifaa cha kielektroniki cha kuendeshea mota, itakupa: inaingiza 220 ya fazi moja, inatoa 220 ya fazi tatu, na mota unaiunga kwa pembetatu. Swichi ya zamani ya kwenda mbele na nyuma uitoe kati ya variateri na mota, maana kuikata mota inapozunguka huua variateri. Pampu ya maji na mota ya mwendo wa meza zipangie umeme wao. Na variateri uifungie ndani ya sanduku lenye kichujio: vumbi letu jekundu la Agosti linaingia kila mahali.

Mashine iwe mpya au ya zamani, weka rilei ya ulinzi wa fazi, swichi inayokata umeme fazi ikikosekana. Umeme unaporudi baada ya delestaji, yaani mgao wa umeme, fazi moja huweza kukosa, na mota ikijaribu kuzunguka kwa mbili huungua ndani ya dakika chache.

Kuipima ya zamani

Beba vitu hivi: saa ya kupimia inayosoma sehemu moja ya mia ya milimita (nikisema mia mbili, ni sehemu mbili za mia) pamoja na kiguu chake cha sumaku, mraba mzuri wa chuma, kalipa, tochi, gongo la mbao la mita moja, matambara, mafuta ya taa kidogo, na kipande cha chuma cha kukatia. Muuzaji akikataa usipime, shukuru uondoke.

Safisha kwanza. Grisi nzito na rangi mpya ni nguo tu. Futa njia za meza na za konsoli, ile sehemu inayobeba meza na kupanda na kushuka. Sogeza meza mpaka mwisho ili uone sehemu iliyokuwa imefunikwa, kisha linganisha na katikati, mahali meza inapofanyia kazi kila siku. Alama za kukwangua zikiwa zinaonekana hata katikati, moyo utulie kidogo. Zikiwa ziko mwishoni tu na katikati pako laini kama kioo, pale pamelika. Usiishie kwenye macho, kwa sababu alama hizo huweza kuchorwa upya kwa ajili ya kuuzia.

Sasa lardoni, kile kipande kirefu chembamba kinachochukua nafasi kati ya meza na njia. Ikaze meza ikiwa katikati mpaka gurudumu liwe zito kidogo. Zungusha kuelekea mwisho. Uzito ukibaki uleule, njia zimelika sawasawa au hazijalika, na hilo linarekebishika. Meza ikikwama kabla ya kufika mwisho, njia zimelika katikati, na hakuna lardoni itakayoponya. Hiki ndicho kipimo kilichonikosa kwenye ile ya kijani. Kingenichukua dakika tano.

Weka saa kwenye nguzo, ncha yake iguse ubavu wa meza karibu na mwisho, sukuma na vuta ncha ile ya meza kwa mkono. Sindano ikitembea mia mbili au tatu za milimita ni kawaida. Ikifika kumi, njia zimechoka. Rudia kwa konsoli: egemeza gongo chini ya meza, inua taratibu, soma saa.

Mchezo wa skrubu, yaani ulegevu kati ya skrubu na nati yake, ndio watu hupima kwanza na kuuogopa kupita kiasi. Zungusha gurudumu mbele, kisha rudisha, uone namba ngapi zinapita kabla meza haijaanza kurudi. Moja ya kumi ya milimita ni nzuri sana, tatu au nne za kumi ni mashine iliyofanya kazi. Nati nyingi za bronzi zina mpasuko wa kukazia. Pima katikati kisha pima mwishoni. Tofauti ikiwa kubwa, skrubu yenyewe imelika katikati. Ukikaza nati kwa ajili ya katikati, mwisho utakwama. Hata hivyo, skrubu na nati vinaweza kutengenezwa upya kwenye turu nzuri, ndiyo maana naona mchezo ni ugonjwa wenye dawa. Njia zilizolika zinahitaji kusagwa na kukwanguliwa upya, na gharama yake mara nyingi hupita bei ya mashine.

Kisomeo cha namba kikifungwa kwenye mashine ya zamani kinasaidia sana, maana kinapima mwendo wa meza yenyewe, si wa skrubu, na mchezo hauonekani tena kwenye kipimo. Lakini hakishiki meza. Frezi ikikamata, bado itavuta meza kwa ule mchezo wote.

Kwenye spindeli, ingiza ncha ya saa ndani ya koni, zungusha kwa mkono. Mia moja ya milimita au chini ni nzuri. Zaidi ya mia tatu, ama koni imeumia au beringi zimechoka. Kutofautisha, weka saa nje ya pua ya spindeli na uisukume kwa gongo: ikicheza, ni beringi. Kichwa cha wima chenye mkono wa kutobolea, ushushe milimita 100, ufunge, usukume ubavuni.

Omba mashine iwashwe, iende kwa kasi yake ya juu nusu saa. Gusa pua. Ikiwa ya vuguvugu, vema. Ikiwa huwezi kuacha kiganja hapo, kuna tatizo. Pitia gia zote na usikilize. Jino lililovunjika hugonga kwa mpigo sawa, hujificha mara chache.

Mwisho kata. Funga kipande kwenye jiliwa, sawazisha uso mmoja, geuza, sawazisha wa pili na wa tatu, kisha upime kwa mraba na kalipa. Kipande hicho kitakuambia ukweli kuliko mdomo wa mtu yeyote pale yadini.

Na mpya nayo ipimwe

Wengi hudhani mpya haihitaji kupimwa. Rafiki yangu alipokea frezezi mpya, akaiwasha siku ileile, na ndani ya mwezi giaboksi ilianza kulia. Tulipoifungua tukakuta mchanga wa kumiminia fonti umebaki kwenye kona, umechanganyika na mafuta.

Kwa hiyo mpya ninaichukua kama mashine iliyokaribia kumalizika, na mimi ndiye ninayeimalizia. Toa ile grisi ya safari kwa mafuta ya taa, usizungushe meza kabla hujaisafisha, la sivyo unasugua uchafu ndani ya njia. Mwaga mafuta ya giaboksi, osha, jaza mapya. Vuta mkono wa pampu ya mafuta uone kama yanafika kwenye kila njia; mirija iliyopondeka ni jambo la kawaida. Kaza kila skrubu ya nyaya. Kisha fanya vipimo vyote vilevile vya ya zamani: spindeli, mchezo, lardoni, mraba. Karatasi ya vipimo iliyokuja ndani ya sanduku usiiamini mpaka uirudie kwa saa yako.

Uliza kama njia zimekaushwa kwa moto, yaani zimefanywa ngumu. Tupa ndogo ikipitishwa kwenye kona isiyofanya kazi itateleza kama ni ngumu, itauma kama ni laini. Mashine za Taiwan kwa kawaida ni nzuri zaidi kwa hili kuliko zile za bei ya chini kabisa, na baadhi zina utando wa plastiki maalumu unaopunguza msuguano kwenye njia. Umbo ni moja, rangi ni moja, lakini viwanda ni vingi, na namba ya X6325 peke yake haikuambii ni kiwanda gani.

Mpya ina faida ambazo sitazipuuza: vipimo vya milimita badala ya inchi, kisomeo kimeshafungwa, kasi ya juu, beringi zenye namba unazozipata sokoni. Kwa kijana anayefungua atelye bila mzee wa kumwelekeza, hilo lina thamani.

Hesabu yote, siyo bei tu

Bei ya mashine ni mwanzo. Mpya kutoka nje itapita bandari ya Dar es Salaam au Durban, ivuke Zambia, iingie Kasumbalesa. Hapo kuna ushuru wa forodha wa DGDA, kodi ya ongezeko la thamani (TVA) ya asilimia 16, na ukaguzi wa bidhaa wa OCC. Omba deklaranti, wakala wa forodha, akuandikie makadirio kabla mashine haijapakiwa melini. Ya zamani iliyoko Lubumbashi au Likasi haina hayo, ina gari la kubeba na krini.

Kwa zote mbili, tenga theluthi ya pesa zako kwa vifaa: jiliwa nzito, vishikio, pensi, frezi, vibano vya meza, diviza, na seti ya frezi za pinyo (kwa kila moduli, yaani ukubwa wa jino, ni vipande 8, kuanzia meno 12 kwenda juu). Ndiyo maana ya zamani inayouzwa pamoja na kabati lake ni bahati. Nimewahi kulipa zaidi kwa mashine iliyochakaa kiasi kwa sababu ya diviza na gia zake, na sijutii.

Ukiniuliza mimi nichague: kwa pinyo na kazi nzito nachukua universali ya Ulaya iliyopita kipimo cha lardoni, yenye ISO 40 au 50. Kwa atelye ya kwanza na kazi ndogondogo nachukua ya kichwa cha wima, ya Taiwan ikiwezekana, au Bridgeport nzima. Kati ya mpya ya bei ya chini kabisa na ya zamani isiyopimika, ninasubiri na kuendelea kuweka akiba.

Kuisimika

Bridgeport ni karibu tani moja. Universali ya meza ya milimita 1,250 inapita tani mbili na nusu. Ya kichwa cha wima ina uzito juu na huanguka kirahisi: shusha konsoli, geuza kichwa kitazame chini, weka ubao kati yake na meza, kaza kila boliti, ndipo uinue. Asisimame mtu upande ambao mashine inaweza kuangukia.

Sakafu iwe zege nene. Sawazisha kwa pimamaji ya fundi, meza ikiwa katikati, kwa urefu na kwa upana. Kisha nyoosha kichwa: funga saa kwenye spindeli, izungushe juu ya meza kwenye duara la milimita 300, rekebisha mpaka kulia na kushoto vitofautiane si zaidi ya mia mbili za milimita.

Njia za kutelezea zipe mafuta yake, ya namba 68. Oili iliyotolewa kwenye injini ina unga wa chuma ndani yake, na ukiitumia unazisaga njia zako mwenyewe kila asubuhi. Wakati wa mvua, Novemba mpaka Machi, futa meza na kuipaka mafuta kila jioni. Kutu ya usiku mmoja inaacha alama.

Kwenye mashine yenye mchezo kata kwa kupinga, meno ya frezi yakisukuma kipande kinyume na mwendo wa meza, na ufunge mihimili, yaani mielekeo ya mwendo wa meza, usiyoitumia. Kukata kwa kufuata kunatoa uso mzuri, lakini mchezo ukiwepo frezi hunyakua kipande na kuvunjika.

Baada ya mwezi rudia pimamaji, na baada ya miezi sita tena, hasa kwa mpya, maana fonti yake inaweza kuwa bado inatulia. Andika vipimo vyote vya siku ya kwanza kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa kabati la umeme: mchezo katikati na mwishoni, sindano ya spindeli, mraba wa konsoli. Mwaka ujao utapima tena, utaweka namba mpya kando ya zile, na utajua lardoni ya kukaza ni ipi.